Kutu, bolti na historia ya miguu ya nyuma ya SUV

Mtu akienda kununua SUV kuukuu utamjua tu. Anafungua boneti, anasikiliza injini, anafunga mlango kwa nguvu asikie unavyolia, anaingia ndani kunusa viti. Akimaliza hapo anaanza kuomba apunguziwe bei. Ni nadra umwone analala chini akachungulia nyuma ya tairi la nyuma, pale penye mikono ya chuma, springi, shokapu na bolti zenye rangi ya udongo mwekundu. Wakati umri halisi wa gari umeandikwa hapo, si kwenye dashibodi.

Leo nataka tuingie huko chini. Swali langu ni dogo: kwa nini mtu anayebadilisha mkono wa nyuma wa RAV4 ya mwaka 2007 uani kwake anaweza kumaliza siku nzima na bolti moja, tena akaishia kuikata kwa grenda? Jibu la haraka ni kutu. Sawa, lakini kutu ipo tangu chuma kilipokuwepo. Vilivyobadilika ni gari lenyewe na barabara linazopita. Mambo hayo mawili yalikua kila moja kivyake, yakaja kukutana chini ya gari, na gharama ya kukutana kwao inalipwa na mwenye gari.

Tuanze na farasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 fundi mmoja wa magari ya farasi huko London, Obadiah Elliott, alipata hataza ya kuliweka gari juu ya springi za vyuma bapa vilivyolaliana kama chapati, kirefu juu na vifupi chini yake. Farasi walipoondoka springi zikabaki. Jeep ya Willys ya mwaka 1941 ilikuwa nazo. Land Rover iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilikuwa nazo mbele na nyuma. Toyota BJ ya mwaka 1951, mzee wa ukoo wa Land Cruiser, ilikuwa nazo pia.

Uzuri wa springi hiyo ni kwamba inafanya kazi tatu kwa mpigo. Inabeba mzigo. Inashika ekseli isiende mbele wala pembeni. Na vile vyuma vinavyosuguana vinapunguza mrusho. Kwa hiyo hakuna haja ya mikono. Ukihesabu bolti kubwa zinazoshikilia springi za nyuma kwenye chesisi, unapata tatu kila upande, ukiongeza zile za umbo la U zinazobana ekseli umemaliza. Chuma kimoja kikikatika, fundi anakitoa anaweka kingine. Gari likibebeshwa kupita kiasi, anaongeza chuma kimoja. Kazi ya mhunzi.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa peponi. Land Rover nazo zilikuwa na bushi za mpira kwenye springi, na bolti zake ziliganda vilevile, muulize yeyote aliyewahi kuzifungua. Lakini zilikuwa chache, kubwa, na zinaonekana. Mtu alijua anapigana na nani.

Tatizo la springi hizo abiria analijua kwa mgongo wake. Ndiyo maana Juni 1970 Range Rover ilipotoka ikiwa na springi za koili pande zote nne, lilikuwa jambo kubwa: gari linapanda mlima Jumamosi, Jumapili linampeleka mzee kanisani bila kumtikisa. Wengine walichukua muda kufuata. Land Cruiser 60 ya mwaka 1980 bado ilikuwa na vyuma bapa. Nissan Patrol ilihamia koili mwaka 1987, Pajero nayo ikabadilisha nyuma, na miaka hiyohiyo ikaja Land Cruiser 80, ile iliyokuja kuwapa Watanzania neno "shangingi". Wanaopenda siasa wataikumbuka kwa sababu nyingine, mimi leo naangalia uvungu wake tu.

Sasa hapa ndipo penye siri. Springi ya koili inafanya kazi moja badala ya tatu: inabeba mzigo, basi. Haiwezi kushika ekseli. Ukiiacha peke yake, ekseli itakwenda inakotaka. Kwa hiyo mhandisi analazimika kuongeza mikono ya kuishika. Nyuma ya Land Cruiser 80 ipo mitano: miwili ya juu, miwili ya chini, na mmoja wa kukata upande kwa upande. Kila mkono una vichwa viwili, kila kichwa kina bushi na bolti. Tumeshafika kumi.

Mwaka 1994 ikaja RAV4, gari ambalo kila tairi la nyuma linajitegemea bila ekseli moja nzito ya kuyaunganisha. Starehe ikaongezeka tena, na ile iliyotoka mwishoni mwa 2005 ikawa na mikono minne kila upande wa nyuma. Halafu kikaongezeka kitu ambacho Land Rover ya kizamani haikukijua kabisa: alaimenti ya nyuma. Ekseli nzima haina cha kurekebisha, matairi yake yameelekezwa tangu kiwandani. Tairi linalojitegemea lazima lielekezwe, kwa hiyo mkono wake unapewa sehemu ya kurefusha na kufupisha. Weka akiba hilo, tutalirudia.

Gari tumeliona, twende barabarani. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, lilianza kujaribu kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 likaifanya kuwa sera ya kawaida, na msimu huo barabara kuu za Marekani zilipata kama tani 5,000 tu. Baada ya vita barabara zikapanuka, watu wakahamia vitongojini, na ikawa lazima kila mtu afike kazini hata theluji inyeshe namna gani. Kufikia miaka ya 1970 hesabu ilikuwa imefika karibu tani milioni 10 kwa mwaka. Kuanzia Minnesota hadi Maine, na Kanada ya upande wa Ontario na Quebec, gari linaoga maji ya chumvi miezi kadhaa kila mwaka. Wenyewe wanaliita eneo hilo mkanda wa chumvi.

Japani ilifika hukohuko kwa njia ya ajabu. Madereva wa kaskazini, Hokkaido na Tohoku, walikuwa wakitumia matairi yenye misumari ili yashike barafu. Misumari ikawa inasaga lami na miji kama Sendai na Sapporo ikajaa vumbi. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Vumbi likapungua, watu wakapumua. Lakini barafu haikuisoma sheria hiyo, kwa hiyo umwagaji wa chumvi ukaongezeka sana. Yaani miaka ileile Wajapani walipokuwa wakitengeneza SUV zenye mikono mingi chini, barabara zao za kaskazini zilikuwa zinaanza kuchovywa kwenye chumvi. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo.

Viwanda vilihangaika na kutu, ni kweli. Miaka ya 1970 na 1980 mabodi ya magari yalianza kupakwa zinki, na zile picha za milango iliyotoboka zikapungua. Ila zinki iliwekwa kwenye bodi. Mikono ya chini iliendelea kuwa chuma kilichopakwa rangi nyeusi, ambayo mawe madogo ya barabarani yanaibandua bila shida. Na ukisoma dhamana za kutu za makampuni mengi utakuta zinazungumzia bodi iliyotoboka kutoka ndani kwenda nje, hazigusi mikono. Matokeo yake ni gari lenye miaka 15 linalong'aa juu kama la jana, huku chini linaoza. Zamani bodi ndiyo iliyokuwa inatangulia kufa, ikamwonya mwenye gari. Siku hizi onyo hilo halipo.

Tuone sasa kutu inavyofanya kazi hasa, kwa sababu wengi tunadhani inatafuna chuma kwa nje tu. Ndani ya kichwa cha mkono kuna bushi: bomba dogo la chuma katikati, mpira uliogandishwa kulizunguka, na bomba kubwa nje. Bolti inapita ndani ya bomba dogo. Nati ikikazwa, bomba dogo linabanwa lisisogee hata kidogo, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojipinda. Hakuna msuguano, hakuna haja ya grisi, hakuna kelele. Wazo zuri sana. Lakini kati ya bolti na bomba kuna uwazi mwembamba kama karatasi. Maji ya chumvi yakiingia humo hayakauki vizuri. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Uwazi unajaa, unabana, na bolti na bomba vinakuwa kitu kimoja.

Ndipo anakuja mtu na spana yake. Nati inafunguka vizuri, anatabasamu. Anazungusha bolti, inakwenda robo mzunguko, akiachia inarudi. Anadhani inalegea. Hailegei. Ni ule mpira unajipinda na kujirudisha, bolti imeshikana na bomba na vyote vinazunguka pamoja. Anaweza kuzungusha hadi magharibi.

Hadi hapa ni usumbufu tu. Ubaya wenyewe ulionekana Agosti 2012, Toyota ilipoyaita magari yarudi huko Marekani: RAV4 zipatazo 760,000 za miaka ya 2006 hadi 2011, pamoja na Lexus HS 250h zipatazo 18,000. Shida ilikuwa kwenye mkono wa nyuma unaoitwa namba 1, ule wenye sehemu ya kurekebisha alaimenti niliyosema tuiweke akiba. Nati zake za kufunga zisipokazwa sawasawa baada ya alaimenti, kunakuwa na mchezo mdogo. Mchezo unaleta kutu kwenye meno, kutu inakula meno, na siku moja mkono unaweza kuachana. Mkono huo ndio unaoamua tairi la nyuma litazame wapi. Ukiachana gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, nyuma inajiendesha yenyewe.

Angalia vizuri chanzo. Si chuma kibaya, wala si springi. Ni kitu kilichowekwa ili kirekebishike, kikaguswa na fundi, kikakazwa pungufu, maji yakaingia. Kasheshe haikuishia hapo: mwaka 2013 magari hayohayo yakaitwa tena, kwa sababu baadhi ya yaliyopelekwa mara ya kwanza hayakutengenezwa ipasavyo. Mwaka uleule wa 2012 Chrysler nayo iliita Jeep Liberty za 2004 na 2005 katika majimbo ya chumvi, kwa kuwa mikono ya chini ya nyuma ilikuwa inaweza kukatika kwa kutu.

Kwenye chesisi wenye magari walipata kitu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari kama milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kuweza kufika dola bilioni 3.4. Lakini mkono uliooza kwa uzee tu, kwenye gari ambalo halijaitwa na mtu, hauna kesi. Huo ni wako. Na fundi wa Marekani au Kanada anatoza kwa saa, wakati bolti iliyoganda haina saa maalumu. Gharama ya kazi inaweza kukaribia thamani ya gari zima. Ndiyo maana watu wenye kazi zao za ofisini, walimu, wauguzi, wanaonekana Jumamosi wamelala chini ya gari mbele ya nyumba.

Vifaa vyao navyo vina historia. WD-40 ilibuniwa San Diego mwaka 1953 na kampuni ndogo ya Rocket Chemical, kwa ajili ya kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Ilikuwa jaribio la 40, ndiyo maana ya hiyo namba. Mwaka 1958 ikaingia madukani. Kombora la kivita na bushi ya RAV4 wakawa wagonjwa wa daktari mmoja, ingawa kwa bolti iliyoganda kweli mafundi wengi watakwambia mafuta mahususi ya kupenya ni bora zaidi. Uingereza nako John Haynes alianza katikati ya miaka ya 1960 kuchapa vitabu vilivyotokana na kulifungua gari zima na kulifunga tena, picha kwa picha. Vizazi viwili vilijifunza ufundi humo kabla video hazijachukua nafasi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, kwa ufupi. Siku mbili tatu kabla, unasugua meno ya bolti kwa brashi ya waya na kuyalowesha mafuta asubuhi na jioni. Gari linasimama kwenye sakafu ngumu, matairi ya mbele yamewekewa vizuizi, na nyuma limekaa juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, na si matofali. Hapa sina utani: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Springi ya koili iliyobanwa nayo ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu, kwa hiyo kabla ya kufungua mkono unaoibeba unaweka jeki chini ya mkono huo na kuushusha taratibu. Bolti ikigoma, hupotezi siku kuipiga nyundo. Unaikata kwa grenda au msumeno pande zote mbili, kati ya bushi na mabano ya chesisi, na unatupa mkono mzima na bushi yake. Moto unasaidia lakini mpira unawaka, na moshi wake si wa kuvuta, achilia mbali kwamba tenki la mafuta halipo mbali. Mkono mpya unawekwa na bolti mpya, iliyopakwa grisi sehemu inayopita ndani ya bomba. Grisi hiyo ya senti chache kiwanda hakikuiweka.

Halafu linakuja kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wengi hapa kwetu, hata wazuri. Wanakaza bolti za mikono gari likiwa hewani, matairi yananing'inia. Kwa bushi za kizamani za malori, zile za kupigwa grisi, haina neno, maana pini inazunguka. Bushi ya mpira haizunguki. Ukiikaza ikiwa imening'inia, umeibana katika hali hiyo. Gari likishuka chini mpira unajipinda, na unabaki umejipinda siku zote, usiku na mchana. Baada ya miezi michache unachanika, mteja anarudi analalamika kwamba spea ni feki. Mara nyingine spea haina kosa. Bolti za mikono zinakazwa mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya matairi, kisha ndipo gari linapelekwa alaimenti, na nati za kule nazo zikazwe kwa kipimo. Magari 778,000 yaliitwa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kwa nini haya yamhusu mtu wa Dar es Salaam, ambako theluji tunaiona kwenye picha ya Kilimanjaro? Kwanza, anayeishi Msasani, Kigamboni au Mombasa ana chumvi yake ya bahari, inakuja bure na upepo. Pili, sehemu kubwa ya SUV zetu zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na gari lililokaa miaka minane Hokkaido linashuka bandarini na chumvi yake ndani ya mabano. Kutu iliyoanzia kule haisimami kwa sababu gari limevuka bahari. Tena huku inakutana na joto na unyevu.

Ile karatasi ya mnada ya Japani inaweza kukwambia mapema. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi ndogo: S ni ya sabi, yaani kutu kwa Kijapani, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Wanunuzi wetu wengi wanazijua herufi hizo. Lakini mchoro ule ni wa bodi. Hali ya uvunguni mkaguzi huiandika pembeni, kwa mkono, kwa Kijapani, katika yale mapengo ya maelezo ambayo wengi wanayaruka. Mtafute mtu akusomee mistari hiyo kabla hujatuma hela.